Mwalimu na Sauti: Urithi wa Philip Burton

Historia ya drama huwaenzi waandishi na waigizaji, ikawasahau walimu wa shule za upili. Philip Burton (1904–1995), aliyefundisha Port Talbot, Wales, anadhihirisha upungufu huo. Mwanafunzi wake, Richard Jenkins, mwana wa mchimba makaa, alikuwa amewahi kuacha shule akauza dukani. Mwaka 1943 mwalimu akawa mlezi wake kisheria. Hakuweza kumwasili kwa kuwa tofauti ya umri wao ilipungukia miaka 21 kwa siku chache tu. Kijana akatwaa jina la mlezi: Richard Burton.

Mwalimu alimpandisha mlimani akamghanisha Shakespeare, hadi sauti ikafika mbali pasi na kupaazwa. Alimrekebisha pia lafudhi. Je, kwa kufanya hivyo alimpokonya mzawa wa Kiwelisi utambulisho wake? Ushahidi unakanusha. Mwaka 1954, Richard aliposimulia *Under Milk Wood* ya Dylan Thomas katika redio ya BBC, mahadhi ya Wales yalisikika ndani ya Kiingereza chenyewe. Uhakiki wa sauti jukwaani, basi, hauna budi kuanzia darasani.