Kawase Hasui na Moto wa Tokyo

Kawase Hasui, mzaliwa wa Tokyo mwaka 1883, alikuwa mchoraji wa mandhari zilizopigwa chapa kwa vibao vya mbao. Yeye alichora tu, jambo ambalo wengi husahau. Kuchonga na kupiga chapa zilikuwa kazi za mafundi wa mchapishaji wake, Watanabe Shozaburo. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko la ardhi lilizua moto, ukateketeza nyumba yake, madaftari yake ya safari na vibao vya Watanabe. Hasui akashika njia tena, akachora upya. Mwaka 1925 ilitoka picha ya lango jekundu la hekalu la Zojoji, lililojengwa mwaka 1622 na kunusurika. Mwanamke anapita na mwavuli, na theluji inauangukia mji uliokuwa majivu miaka miwili tu nyuma.