Nani Anamngoja Mtoto Septemba?

Riwaya nyepesi za vijana kutoka Marekani zina njia yao iliyozoeleka: shule inafungwa, msichana anapelekwa pwani, anapenda, analia, na muhula mpya unapoanza si yule aliyeondoka. The Summer I Turned Pretty ya Jenny Han (2009) ni mfano mzuri. Belly anakwenda Cousins Beach kama kila mwaka, ila safari hii wavulana aliokua nao wanamtazama kwa jicho jingine. Msomaji wa Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo (DRC), anaweza kuiona ni hadithi ya watu wenye nyumba mbili. Hata hivyo, kiini chake anakijua tangu zamani.

Miongoni mwa Walunda na Wachokwe wa Lualaba, mkoa ulipo mji huo, kiangazi kilikuwa msimu wa mukanda. Wavulana walitolewa kijijini wakapelekwa kambini, wakatahiriwa, wakafundishwa nyimbo, ngoma na adabu za kiume, chini ya ulinzi wa makishi, vinyago vya kutisha na vya kuchekesha pia. Walirudi kwa shangwe, na majina mapya. Belly anajigundua mwenyewe. Mwali wa mukanda anaundwa na jamii yake. Pamoja na tofauti hiyo, wote wawili wanatengwa na maisha ya kila siku kwa muda maalumu, na wote wana watu wanaowangoja.

Katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996), huyo wa kungoja hajulikani aliko. Kongowea, aliyefiwa na mama yake huko Tanga, anavuka mpaka kwenda kumtafuta baba yake Kenya. Mateso ni mengi, lakini msomaji hakati tamaa, kwa kuwa kila hatua inamsogeza kijana karibu na mlango wa mtu wake.

Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, anaufunga mlango huo. Katika La Danse du vilain (2020), Sanza anatoroka kwao na kujiunga na watoto wa mtaani wa Lubumbashi, siku za mwisho za Mobutu, huku wengine wakifuata almasi Angola. Kitabu kinachekesha kwelikweli: majigambo, uongo mtamu, dansi za kutapanya fedha. Kicheko kimejaa, wepesi haupo. Kosa la Belly linamgharimu machozi ya wiki moja. Mtaa wa Sanza hauna tarehe ya kufungua shule.

Sinzo Aanza anakwenda mbali zaidi. Katika Généalogie d'une banalité (2015), watu wa mtaa maskini wa Lubumbashi wanachimba shaba chini ya nyumba zao wenyewe. Kolwezi haikuhitaji riwaya kuyaona hayo. Kobalti ilipogunduliwa mwaka 2014 katika mtaa wake wa Kasulo, watu walifukua nyua zao, wengine hata sakafu za vyumba. Mwaka 2017 familia nyingi zilihamishwa ili sehemu ya mtaa izungushiwe ukuta. Kwa baadhi ya watoto wa huko, Julai na Agosti ni miezi ya kuokota na kuosha mawe, na Septemba, shule zinapofunguliwa, inakuja na gharama zake.

Je, riwaya nyepesi ya Kolwezi haiwezekani? Inawezekana. Maji yapo, ziwa Nzilo, lililotokana na bwawa la mto Lualaba. Mpira upo, AS Simba na mashabiki wake. Mapenzi na vituko vya vijana havijawahi kuadimika. Wepesi wa riwaya za namna hii hautokani na ufukwe wala fedha; unatokana na uhakika wa kupokelewa, na uhakika huo ndio unaotikisika pale nyumba yenyewe inapogeuzwa shimo. Kwa hiyo mwandishi atakayejaribu asianze kwa kumtafutia mhusika wake raha. Ampe kwanza shangazi mkali, mwenye kuhesabu siku na kuuliza, “Umetoka wapi saa hizi?” Akishampata huyo, uongo wa kijana utachekesha bila kusukumwa.