Jino la Kiboko na Bakuli la Maji

Wavuvi wa Igombe na Kayenze, huku Ilemela, humwogopa kiboko kwa meno yake, yanayoweza kuupasua mtumbwi. Meno hayohayo yaliwahi kumtafunia binadamu chakula. Kabla ya mpira na plastiki, mafundi wa Ulaya na Marekani walichonga meno ya bandia kwa jino la kiboko, wakilipenda kuliko pembe ya ndovu kwa ugumu wake na kwa kuwa halikugeuka manjano upesi. George Washington aliapishwa kuwa rais mwaka 1789 akiwa amebakiwa na jino moja tu, na fundi wake, John Greenwood, alimchongea ufizi wa jino la kiboko akapachika humo meno ya watu. Si haki kudai kwamba kiboko huyo alitoka ziwani kwetu. Mpelelezi Mwingereza John Speke alifika Mwanza baadaye sana, Agosti 1858, na mwenzake Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, aliyataja meno ya kiboko miongoni mwa bidhaa za bara. Lakini kufikia hapo mpira mgumu, uliozaliwa na ugunduzi ambao Charles Goodyear aliupatia hataza mwaka 1844, ulikuwa umeanza kuwanyang'anya wachongaji kazi.

Urithi wa jino la kiboko kwa mvaaji wa leo wa meno ya bandia, awe wa Kirumba au Buswelu, ni namna ya kuyatunza. Jino lililong'olewa kwa mnyama ni kitu kilichokufa: hunywa mate, hunuka, huoza. Desemba 1798 Washington alimpelekea Greenwood meno yake yakiwa meusi, na fundi akamjibu kwamba mvinyo ndio ulioyaharibu. Alimshauri ayavue baada ya kula ayaweke kwenye maji safi, au ayapige mswaki kwa chaki laini. Ushauri huo una zaidi ya miaka 200, na daktari wa meno wa leo angebadilisha chaki tu, maana unga unaokwaruza huchimba plastiki. Angeweka sabuni ya kawaida na mswaki laini.

Wapo watakaosema plastiki haiozi, hivyo shida ya jino la kiboko imekwisha. Ni kweli haiozi. Lakini akriliki, plastiki iliyoingia katika kazi hii miaka ya 1930, ina vitundu visivyoonekana kwa macho, na humo fangasi hujificha, kisha kaakaa huwa jekundu na kuwaka. Usiku mate hupungua, nao hustawi zaidi, ndiyo maana meno huvuliwa wakati wa kulala. Maji yanayochemka si dawa, kwa sababu hupinda umbo la meno yasikae tena. Pingamizi zito zaidi ni la aibu: mzee hataki wajukuu wamwone kibogoyo, basi hulala nayo. Aibu hiyo naiheshimu, kwani uso wa mtu ni heshima yake, na anayemcheka ndiye anayemlazimisha kuuficha ufizi wake hadi uugue. Bakuli lenye kifuniko kando ya kitanda, na maji yaliyochemshwa yakapoa, humtosha bila kuonwa na mtu. Hata yakitunzwa vizuri yatalegea, kwa kuwa mfupa wa taya husinyaa meno ya asili yakishatoka. Hapo ndipo ayarudishe kwa fundi, kama Washington alivyoyatuma yake kutoka Philadelphia, asiyakwangue mwenyewe kwa kisu.