Vilabu vya Njiani: Historia ya Ulanzi, Bia na Msafiri



Katika nchi za Ulaya na Marekani wapo watu wanaofunga safari kwa ajili ya bia. Hutembelea viwanda vidogo na maduka ya bia, huonja kidogo hapa na kidogo pale, huuliza maji yametoka wapi na nafaka imelimwa na nani, kisha hurudi nyumbani na chupa mbili tatu. Sisi tunaweza kushangaa. Lakini anayesafiri kutoka Iringa kwenda Mbeya wakati wa mvua, akishuka Mafinga au Makambako, hukuta jambo lile lile likifanyika bila kuitwa utalii: madumu ya ulanzi yamepangwa, mama ameshika kikombe, na mgeni anakaribishwa kuonja. Vinywaji hivi vimetoka mbali. Nimeona inafaa leo tutazame historia yake, maana inatugusa sote, tunaokunywa na tusiokunywa.

Tuanze na ulanzi. Huu haupikwi. Ni utomvu wa mwanzi. Mvua zinapoanza, shina la mwanzi huchipua, na mgema hukata ncha ya chipukizi lililo laini bado. Hapo hutundika mbeta, yaani kipande cha mwanzi kilicho wazi upande mmoja, ili utomvu udondokee humo. Asubuhi na jioni hurudi, humimina kilichopatikana na kukata tena ncha kidogo, maana kidonda kikikauka utomvu hukoma. Ulanzi uliotoka kugemwa ni mtamu. Huitwa mtogwa, na hata mtoto huonjeshwa. Ukilala huchacha wenyewe na kuwa mkali. Hapo huitwa mkangafu. Mvua zikikatika, msimu nao umekwisha.

Ugimbi, pombe ya nafaka ya Wahehe, Wabena na majirani zao, una njia nyingine. Ulezi huloweshwa mpaka uote, huanikwa, husagwa kuwa kimea, kisha huchanganywa na uji na kuachwa uchachuke. Ni kazi ya siku nyingi, na tangu zamani imekuwa kazi ya akina mama. Kule Rungwe Wanyakyusa wana kimpumu chao cha ulezi, kinachonywewa kwa mirija kutoka chombo kimoja, wazee wakiwa wameketi pamoja. Pombe ya namna hiyo haikupikwa bila sababu. Ilipikwa kwa ajili ya majirani waliokuja kulima shamba, kwa ajili ya posa na harusi, kwa ajili ya matanga na tambiko. Nayo ilipokuwa tayari, katika makabila mengi ya nchi yetu mwenyeji alionja kwanza mbele ya wageni, ili wajue kwamba hakuna ubaya ndani yake.

Tazameni, wapendwa, jinsi pombe hiyo ilivyokuwa na mipaka yake ndani yake yenyewe. Ulanzi ulikuwa na msimu. Ugimbi ulitegemea ghala: mwaka wa njaa hapakuwa na ulezi wa kupikia pombe. Haukukaa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujilimbikizia. Haukunywewa peke yako, bali mbele ya watu waliokufahamu wewe na baba yako. Sisemi kwamba zamani hapakuwa na walevi, walikuwapo. Nasema kwamba mlevi alizungushiwa uzio ambao hakuujenga yeye.

Mwishoni mwa karne ya 19 walifika nyanda hizi Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia kutoka Bavaria, wakafungua misioni ya Tosamaganga. Ni vema kukumbuka walikotoka. Bavaria ni nchi ya bia, na kule abasia za Weltenburg na Andechs zina viwanda vyake vya bia mpaka leo. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 40, inamruhusu mmonaki kipimo cha divai kwa siku, ikimsihi asinywe mpaka kulewa. Tena katika kitabu cha Rituale Romanum imo sala ya kubariki bia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Wamisionari wa Konsolata, wana wa Mtakatifu Yosefu Allamano wa Torino, nchi ya mizabibu. Na mwaka 1922 Iringa ikafanywa Prefektura ya Kitume. Ndipo ulipo mzizi wa Jimbo la Iringa, na wa Jimbo letu la Mafinga lililozaliwa kutoka humo mwaka 2023.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba Ukatoliki uliingia hapa kama adui wa kinywaji. Kama wamisionari wengi wa Afrika Mashariki walipambana na ngoma za pombe, ni kwa sababu waliona humo tambiko na ulevi. Hata hivyo, wakristo wa mwanzo walielewa mara nyingi kwamba kinachokatazwa ni pombe ya kwao, wakati padre ana divai mezani. Jambo hilo liliacha jeraha dogo: pombe ya nyumbani ikaonekana ya kishenzi, na ya kigeni ikaonekana ya kistaarabu.

Sheria za wakoloni ziliongeza jeraha hilo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, na ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919, ilibana biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Chini ya Waingereza, pombe kali ya kizungu ilikatazwa kwa Mwafrika, na hata bia ya chupa iliwekewa vizuizi. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 Dar es Salaam nayo ikawa na kiwanda chake cha bia, lakini wateja waliokusudiwa hawakuwa wakulima wa Mufindi. Mwafrika alielekezwa kwenye kilabu cha pombe ya kienyeji, chenye leseni na ushuru, na serikali za mitaa zikapata humo fedha. Vizuizi hivyo vilipoondolewa katika miaka ya 1950, na Uhuru ulipokuja mwaka 1961, chupa ya bia mezani ilikuwa na maana kubwa kuliko kiu. Ilikuwa kusema: mimi nami ni mtu.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Serikali ilichukua hisa katika kampuni ya bia. Mwaka 1993 wakaingia wabia kutoka Afrika Kusini. Na leo bia inatengenezwa hata Mbeya. Wakati huo huo barabara kuu ya kwenda Zambia ilikuwa imewekwa lami, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikapita Makambako. Malori yakaja, wakaja wapasuaji wa mbao wa Sao Hill, wakaja vijana wa vibarua wasio na jamaa karibu. Kilabu kilichokuwa cha majirani kikawa cha wapita njia.

Hapo ndipo uzio ulipoanguka. Chupa haina msimu. Haingojei mavuno. Hukaa dukani miezi, na mtu huweza kuinywa peke yake, katika mji ambao hakuna anayelijua jina la baba yake. Baadaye vikaja viroba, vile vifuko vya pombe kali vilivyotosha mfukoni mwa mwanafunzi, mpaka Serikali ilipovipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017. Wala tusisahau kwamba utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 na 2008 ulikuta mkoa wa Iringa, uliokuwa pamoja na Njombe wakati huo, ukiongoza nchini kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI, asilimia 15.7 ya watu wazima. Sababu zilikuwa nyingi, lakini aliyezika watu wa miaka ile hawezi kusimulia habari ya vilabu vya njiani kana kwamba ni habari ya ladha tu.

Hata hivyo, nawasihi tusimhukumu haraka mama aliyeketi nyuma ya dumu. Watoto wangapi wa nyanda hizi walilipiwa ada kwa fedha ya ulanzi na komoni! Mjane asiye na shamba la chai wala la miti alikuwa na mikono yake na ujuzi wa mama yake. Lakini fedha ile ile iliyosomesha mtoto wa nyumba moja imetoka mfukoni mwa baba wa nyumba nyingine, ambaye watoto wake wamelala na njaa. Wakati mwingine anayeuza na anayelia ni mama mmoja. Anayehubiri juu ya pombe bila kuwaona wote wawili hajaifahamu parokia yake.

Siku hizi hata kwetu viwanda vidogo vya bia vimeanza: Dar es Salaam kuna Crafty Dee's, na Uganda kuna Banange. Wenye navyo wanajivunia kwamba mnywaji anamjua mpishi na mahali kinywaji kilipotoka. Ni jambo jema, ingawa bibi zetu walilijua zamani. Basi wewe msafiri, ukishuka Mafinga, usipite kilabuni kama mtazamaji wa vitu vya ajabu. Salimu. Muulize mama ulanzi umegemwa lini na mwanzi uko kijiji gani. Keti, onja, shukuru. Ukiwa dereva, utazame tu. Katekisimu, katika namba 2290, inataja hatia ya mlevi anayehatarisha maisha ya wengine barabarani. Na ukibeba dumu, usilikaze kifuniko, maana ulanzi huendelea kuchacha safarini, na dumu lililofungwa sana hupasuka ndani ya basi.

Nina neno moja la mwisho kwa waumini wa hapa. Msimu wa ulanzi hauishi kabla ya Kwaresima. Mianzi hutiririka hasa katika siku zile arobaini. Wageni hawalijui jaribu hili, bali sisi tunalijua. Kila mwaka wapo wanaolipita kimya kimya: mgema anayegema asubuhi na jioni na haonji, mama anayemwambia mteja wake kwamba sasa yatosha, nenda nyumbani. Msimu, ghala na majirani havitulindi tena kama vilivyowalinda babu zetu. Mpaka sasa ni wa kila mmoja kujiwekea, na ndugu kumsaidia ndugu kuushika.