Protini hazisubiri mkataba: historia fupi kutoka Kilifi

Haya wasomaji, leo tupumzike na mambo ya seva na hifadhidata. Nataka tuongee historia ya kazi moja ambayo wengi wetu huku Pwani tunaipita kila siku tukienda hospitali au sokoni Kilifi mjini, bila kujua ni kazi gani. Ni kazi ya mtafiti wa protini aliyemaliza PhD, akapewa mkataba wa miaka 2 au 3, kisha akaambiwa: haya, leta jibu.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1961 nchini Gambia, watafiti Cohen, McGregor na Carrington walichukua damu ya watu wazima walioishi na malaria maisha yao yote. Walitenganisha zile protini tunazoziita kingamwili, wakawadunga watoto wagonjwa. Vimelea vikapungua sana kwenye damu ya watoto wale. Baadaye walijaribu kingamwili za Afrika Magharibi kwa watoto wa Afrika Mashariki, na zikafanya kazi pia. Basi jibu lilikuwa tayari ndani ya damu za watu wetu. Swali lililobaki ni dogo kulitamka na gumu kulijibu: kingamwili hizo zinashika protini ipi ya kimelea?

Mwaka 1989 swali hilo likafika Kilifi. KEMRI, taasisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1979, ilishirikiana na Wellcome Trust ya Uingereza na Chuo Kikuu cha Oxford kuanzisha kituo cha utafiti kando ya hospitali ya wilaya. Kevin Marsh, aliyekuwa akifanya kazi Gambia, alianza hapo pamoja na Norbert Peshu. Wengi wanakumbuka majaribio ya vyandarua vyenye dawa ya miaka ya 1993 hadi 1995, ambapo vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 33 hivi. Chandarua kinaonekana. Protini haionekani, ndiyo maana habari zake hazifiki barazani.

Mwaka 1998 Peter Bull na wenzake wa Kilifi walionyesha jambo la kushangaza. Mtoto akiugua malaria, vimelea vinavyomuumiza mara nyingi ni vile ambavyo kingamwili zake hazijavitambua bado. Kimelea huweka protini juu ya chembe nyekundu ya damu, na kina jeni kama 60 za kutengenezea protini za aina hiyo. Kinatumia moja, kisha kinahamia nyingine. Sisi waandishi wa programu tungesema ni mtu mwenye nywila 60 anayebadilisha kila akikaribia kukamatwa.

Kwa nini usitengeneze tu protini hizo zote maabara uzipime? Hapo ndipo jasho linapotoka. Jenomu ya kimelea ilichapishwa mwaka 2002, ikiwa na jeni kama 5,300. Lakini kati ya zile herufi nne za DNA, asilimia 80 hivi ni A na T tupu. Ukimpa bakteria wa maabara asome maandishi hayo, anakwama njiani, au anatoa protini iliyojikunja vibaya. Ni kama kuipa kompaila msimbo wa lahaja isiyoijua. Mtafiti anaandika jeni upya kwa herufi nyingine zenye maana ileile, anabadilisha aina ya seli, anasafisha, anapima, anarudia. Protini moja inaweza kula miezi. Na mkataba unahesabu siku.

Mfano mzuri ni Faith Osier, daktari Mkenya aliyefanya utafiti wake Kilifi. Mwaka 2008 yeye na wenzake walichapisha matokeo kutokana na damu za watoto wa Chonyi zilizochukuliwa Oktoba 2000. Waligundua kwamba watoto wenye kingamwili nyingi dhidi ya protini nyingi kwa pamoja ndio waliokingwa zaidi. Angalia tarehe hizo: miaka 8 kati ya sindano na jibu. Baada ya PhD alikwenda kufanya utafiti Melbourne, Australia, na mwaka 2016 akapata tuzo ya kuanzisha kikundi chake Heidelberg, Ujerumani. Mwaka 2018 kikundi kikachapisha kipande cha kioo chenye protini zaidi ya 100 za kimelea, kinachoweza kupimwa kwa tone dogo la damu. Wakakiita KILchip v1.0. KIL ni Kilifi. Na hiyo v1.0 ilinifurahisha: nao wanajua kwamba toleo la kwanza si la mwisho.

Sasa tujiulize: nani ataandika toleo la pili na la tatu? Friza yenye damu za Chonyi imedumu kuliko mikataba mingi. Anayejua kwa nini protini fulani iligoma anaondoka ruzuku ikiisha, na ujuzi wake unaondoka naye. Kwetu tungesema msimbo umeachwa bila maelezo.

Suala la nani anapanda ngazi Kilifi limewahi kufika hata mahakamani. Madaktari 6 Wakenya waliishtaki KEMRI kwa ubaguzi kazini. Mwaka 2014 walishinda katika mahakama ya kazi, Mahakama ya Rufaa ikatengua, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikasema hawakuthibitisha madai yao. Sheria imeshasema. Lakini kesi kufika mahakama tatu inaonyesha swali la ajira ya mtafiti Mwafrika si la mzaha.

Juhudi zimefanyika. Mwaka 2015 ulianza mpango wa DELTAS Africa, na Kilifi ikapata fungu la kulea watafiti kuanzia wanaomaliza shahada ya kwanza hadi waliopita PhD. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hadhi kamili mwaka 2013, kiko mji huohuo. Ngazi ipo, ila vidato vya juu bado vinategemea ruzuku kutoka nje.

Maoni yangu ni haya: kaunti na serikali zitenge hata nafasi chache za kudumu kwa watu wa maabara, kama tunavyomwajiri msimamizi wa seva bila kumuuliza kila mwaka kama seva bado zipo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni walikuja, na watoto wengi wamepona. Sasa ni zamu ya mwenyeji kuwa na kiti chake ndani ya maabara.