Atalipa Maji Yakishuka

Kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi za kila siku za biashara haikutoka benki, wala haikutoka jeshini. Ilitoka kwa wauza chai na keki. Niliisoma stori hii usiku mmoja Nairobi, saa nane, nikiwa nimetoka kazini na kufungua tena laptopu niendelee na kile nilichokuwa nakiita "mradi wangu wa pembeni": programu ya simu ya kuendeshea hoteli. Hoteli ninayosema si ile ya vitanda. Ni ya wali, samaki wa mto, mahamri na chai, kama ya shangazi yangu pale Garsen, ambako mabasi ya Lamu hupumua kidogo kabla ya kuendelea.

Kampuni yenyewe iliitwa J. Lyons. Ilifungua mkahawa wake wa kwanza London mwaka 1894, na baadaye ikawa na zaidi ya 200. Fikiria hesabu yake: mamilioni ya vikombe vya chai, kila kimoja na faida ya senti mbili tatu, na mikate inayochacha usipoiuza leo. Makarani walijaa ghorofa nzima. Mkuu wao kwenye mambo ya utaratibu, John Simmons, alikuwa mtaalamu wa hisabati, na miaka mingi kabla ya kompyuta alishakuwa na idara ya watu ambao kazi yao ilikuwa kutazama tu jinsi karatasi zinavyotembea ofisini na kuuliza, hii ni ya nini?

Mwaka 1947 Lyons iliwatuma maofisa wawili, Thompson na Standingford, kwenda Marekani kuangalia mbinu za ofisi. Huko wakaambiwa kwamba Cambridge, karibu kabisa na kwao, kuna mashine inaundwa. Walikuwa wamevuka bahari kufuata habari ya jirani! Lyons ikatoa pauni 3,000 kusaidia chuo na kuazima fundi mmoja. Mashine ya Cambridge, EDSAC, ilifanya kazi Mei 1949. Wauza keki nao wakajenga yao kwa kufuata mfano huo, wakaiita LEO. Ilikuwa na vali karibu 6,000 na ilijaza chumba kikubwa. Mwishoni mwa 1951 ilianza kupiga hesabu ya bidhaa za mikate kila wiki.

Jina hilo lilinichekesha. Ukutani kwa shangazi kuna kibao: "Leo taslimu, kesho deni." Kibao hicho hakijawahi kumzuia mtu. Shangazi anakopesha, na anaandika kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu.

Ndilo daftari nililotaka kuliua. Mazingira yalikuwa tayari, nilijiambia. M-Pesa ilianza Machi 2007, Lipa na M-Pesa ikaja 2013, na sasa hata mama wa chapati ana namba ya till. Pesa zimekwisha kuingia kwenye simu, kwa nini deni lisiingie? Wakubwa walikuwa wanapigania mfuko wa mtu wa Nairobi anayetaka baga iletwe mlangoni. Hellofood ilikuwa imeshageuka Jumia Food, Uber Eats na Glovo wamefika. Hakuna aliyekuwa anaitazama Garsen.

Basi nikajenga. Kila deni lilikuwa na jina, kiasi, namba ya simu na tarehe ya kulipa. Tarehe ikipita, programu inatuma ujumbe yenyewe. Nilijivunia sana hicho kipengele.

Nilipomwekea shangazi, alikwama kwenye tarehe. Akaniuliza aandike nini kwa yule mzee wa kwetu Ndera, mwenye shamba kando ya mto.

"Atalipa lini?" nikamuuliza.

"Atalipa maji yakishuka."

Nikacheka, nikamwekea tarehe 30. Mfugaji mmoja hulipa akiuza mbuzi. Nikamwekea tarehe 30. Wa maembe hulipa msimu ukifika. Tarehe 30. Programu ilikuwa haikubali kuhifadhi bila tarehe, na aliyeiandika hivyo ni mimi.

Novemba 2023 mvua za El Niño zikaja. Tana ikafurika, mashamba yakazama, watu wakahamia sehemu za juu na barabara ya kwenda Lamu ikakatika. Mimi nilikuwa Nairobi natazama picha kwenye simu. Tarehe 30 ikafika. Programu ikafanya kazi bila kosa hata moja.

Shangazi alinipigia usiku. Hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Mwanangu, umewatumia watu ujumbe kwa jina langu? Mzee yuko kambini, nyumba yake imo majini, anasoma kwamba mimi namdai wali?"

Mzee alikuwa amemtuma kijana na shilingi mia mbili, na salamu kwamba hakujua hali imefikia hapo baina yao. Shangazi alizirudisha. Ilimbidi aende mwenyewe.

Mwezi uliofuata Jumia ikatangaza kufunga biashara yake ya chakula kote Afrika, Kenya ikiwemo. Watu wa teknolojia walilijadili hilo kwa wiki nzima. Mimi nilirudi kusoma habari za Lyons, nikaona sehemu niliyoiruka mara ya kwanza.

Mwaka 1954 LEO ilianza kushughulikia oda za mikahawa. Kila mkahawa ulikuwa na oda yake ya kawaida iliyokwisha kuhifadhiwa. Msimamizi, mara nyingi mwanamke aliyewajua wateja wake kwa sura, alipigiwa simu na kusema mabadiliko tu: kesho kuna baridi, punguza hiki, ongeza kile. Mashine ilizidisha na kujumlisha. Kujua kesho watu watataka nini kulibaki kwake. Wala hawakuanza na mashine. Simmons na watu wake walikuwa wamekaa na makaratasi yale tangu miaka ya 1930.

Lyons baadaye ilianzisha kampuni ya kuuza kompyuta, ikaunganishwa na English Electric mwaka 1963, na Lyons yenyewe ikamezwa na kampuni ya pombe mwaka 1978. Hayo ni mambo ya biashara.

Maji yaliposhuka nilipanda basi. Nilikaa hotelini siku tisa, nikiosha vikombe na kuangalia daftari la bluu linavyoandikwa. Ukurasa una safu tatu. Ya kwanza jina, ya pili kiasi. Ya tatu nilidhani ni tarehe, kumbe ni maneno: "mbuzi", "maembe", "mwanawe akituma". Kwa yule mzee palikuwa pameandikwa "maji", na shangazi alikuwa ameshapiga mstari juu yake, ingawa hakuna pesa iliyoingia. Sikumuuliza. Niliandika hiyo nayo.