Bunduki ya urithi: Browning Auto-5 ikaguliwe vipi kabla ya kutumika tena?

Bunduki ya babu ikitolewa kabatini baada ya miaka 30, watu huangalia kwanza kama ina kutu. Kwa Browning Auto-5, kutu ya juu juu ni jambo dogo. Kinachoiharibu bunduki hii, na kinachoweza kumjeruhi aliyeishika, ni pete mbili zilizofichwa chini ya mbao, na risasi isiyolingana na chemba yake.

Auto-5 ni bunduki ya marisau inayojipakia yenyewe kila inapofyatuliwa. Aliibuni Mmarekani John Moses Browning mwishoni mwa karne ya 19. Hakuelewana na kampuni ya Winchester kuhusu malipo, akaipeleka Remington, lakini rais wa kampuni hiyo, Marcellus Hartley, alifariki ghafla Januari 1902. Browning akavuka bahari hadi kiwanda cha FN, mjini Herstal, Ubelgiji. Iliendelea kutengenezwa hadi 1998, miaka ya mwisho huko Japani, ndiyo maana wawindaji wengi wa Ulaya na Marekani bado wanairithi.

Kabla ya bisibisi kuna sheria. Tanzania na Kenya, leseni ya silaha ni ya mtu, hairithiwi pamoja na bunduki. Toa taarifa polisi kwanza, uelekezwe namna ya kuikabidhi au kuombea kibali, wala usiibebe barabarani kwa kuwa tu ilikuwa ya baba.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha haina risasi, na hapa Auto-5 ina mtego. Zile zenye jina la Browning zina swichi ndogo upande wa kushoto inayozuia risasi za akiba zisipande kwenye chemba. Ikiwa imefungwa, utavuta komeo nyuma, utaona chemba tupu, na kumbe bomba la chini ya mtutu limejaa. Mtutu uelekee mahali salama, kidole kiwe mbali na kifyatulio. Fungua swichi, vuta komeo mara kadhaa, kisha chungulia na upapase kwa kidole chemba na mdomo wa bomba.

Sasa zile pete. Katika bunduki hii mtutu wenyewe hurudi nyuma pamoja na komeo, kisha mtutu hutangulia kurudi mbele, ganda likatupwa nje, komeo likafuata na risasi mpya. Nguvu ya kurudi nyuma hupunguzwa na springi kubwa inayozunguka bomba, ikisaidiwa na pete ya shaba inayolibana bomba hilo. Kuna pia pete ya chuma, na mahali pake hutegemea risasi. Kwa risasi nzito huwekwa kati ya springi na pete ya shaba, upande wake uliochongwa mshazari ukiielekea shaba. Kwa risasi nyepesi huhamishiwa nyuma kabisa, chini ya springi. Ikiwa huko nyuma na ukapiga risasi nzito, chuma hugonga chuma, na mbao ya mbele hupasuka. Ikiwa mbele na risasi ni nyepesi, bunduki hukwama tu. Aliyekuachia huenda alikuwa mpiga njiwa aliyeiweka ya nyepesi, kwa hiyo fungua uone mwenyewe. Springi iliyochoka ibadilishwe. Bei yake ni ndogo kuliko ya mbao.

Chemba ipimwe na fundi bunduki. Auto-5 nyingi za zamani za geji 16 zina chemba ya milimita 65, ilhali risasi za leo ni za 70. Risasi ndefu inaweza kuingia bila shida, kwani hufunguka kwa urefu wake wote inapofyatuliwa tu, na hapo shinikizo hupanda. Hatari zaidi ni kuchanganya geji: risasi ya 20 hupita chemba ya 12 na kukwama ndani ya mtutu, na ya 12 ikifuata nyuma yake mtutu hupasuka.

Marisau ya chuma pia si ya mitutu ya Kibelgiji. Browning yenyewe inakataza. Hilo linawabana wawindaji wa bata, kwa sababu risasi za madini ya risasi zilipigwa marufuku kwa ndege wa majini Marekani nzima mwaka 1991, na katika ardhioevu za Umoja wa Ulaya mwaka 2023. Marisau ya bismathi, ambayo ni laini zaidi, hutumika badala yake, ingawa ni ghali.

Mafuta yawe machache. Bomba likilowa, pete ya shaba huteleza badala ya kubana, na mtutu hurudi kwa kishindo. Futa grisi iliyoganda, pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo, basi. Skrubu za mwili wa bunduki ni nyembamba na kila moja hushikwa na nyingine ndogo; bisibisi ya kawaida huzikwaruza. Kitako mwachie fundi, ndani yake kuna springi nyingine.